Kuku wa kupaka, na kosa langu la pale bombani

Binti ya dadangu ameolewa Shela. Wiki iliyopita alinipigia simu: "Mamkuu, nataka kuwapikia wakwe kuku wa kupaka Ijumaa, lakini naogopa." Anaogopa kwa sababu aliyaona yaliyonipata mimi. Nikapanda boti kutoka Lamu mjini nikaenda kumsimamia. Tulifanya hivi.

1. Kuku. Awe wa kienyeji, achinjwe asubuhi hiyohiyo. Broila akishachemshwa kisha kuchomwa hubomoka mkononi, mimi simtaki. Usimchague kwa uchangamfu ukadhani ndiye salama. Bakteria waitwao kampilobakta hukaa ndani ya utumbo wa kuku na yeye haumwi hata kidogo. Joto la mwili wake, karibu nyuzi 42, ndilo wanalolipenda.

2. Kutumbua. Chana ngozi tu, ingiza mkono, vuta utumbo wote pamoja polepole. Ukikupasukia, kinyesi kimeshaingia kwenye nyama. Firigisi ipasulie pembeni.

3. Kuosha. Hapa tukae.

Miaka kadhaa nyuma nilipika kwenye arusi ya jirani. Kuku niliwaosha bombani, maji yamefunguliwa yote, kama nilivyomwona mama akifanya. Kachumbari ilikuwa imeshakatwa, iko hapohapo kando, haikufunikwa. Kuku wenyewe waliiva mpaka wakakauka. Siku ya tatu watu wakaanza: homa, tumbo linasokota, wengine wanahara damu. Sisi tukashika juisi ya ukwaju iliyonunuliwa jana yake, tukataka kugombana na muuzaji wa watu. Mimi nikashinda mchana kutwa nikimwaga maji ya tangi na kulisugua. Ni muuguzi mmoja aliyeniuliza, "Mama, siku tatu nne zilizopita mlikula nini?"

Kampilobakta hakuumizi siku hiyohiyo. Kwa kawaida huchukua siku 2 mpaka 5, na ndiyo maana lawama huangukia chakula kisichohusika. Choo hakikupimwa, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba ni yeye. Lakini nimeshajua jambo ambalo siku ile sikulijua: bakteria wengine huhitaji chakula kilale ndipo waongezeke, huyu mia chache tu wanatosha kukulaza. Rasharasha za maji ya kuku mbichi zikiangukia kachumbari, basi. Kuku anaenda motoni, kachumbari haiendi popote.

Wataalamu wanasema kuku asioshwe kabisa, moto ndio unaoua. Ni kweli. Sasa nenda kamwambie mama mkwe wa Kiamu kwamba kuku aingie chunguni na damu yake! Kwa hiyo ukiwa lazima uoshe, fanya hivi. Chukua beseni lenye kina, uliweke chini, mbali na vyombo na vyakula. Tia maji kwanza, kisha mtumbukize kuku taratibu, umsugue akiwa ndani ya maji. Usimkung'ute. Maji yamwage polepole chooni, si kwenye sinki unaloshea mboga. Beseni, kisu na kibao vioshwe kwa sabuni na maji ya moto.

Halafu mikono, kwa sabuni. Lakini bomba umelifungua kwa mkono upi? Uleule uliokuwa ndani ya kuku! Binti alinawa vizuri sana, kisha akalifunga bomba lilelile lenye uchafu. Tukaanza upya. Siku hizi nataka mtu wa pili animiminie maji kwa kata.

Ndimu na chumvi tia, zinaondoa harufu. Usizitegemee kuua bakteria. Na friza vilevile: baridi huwapunguza, haiwamalizi.

Kachumbari ikatwe kuku akiwa tayari jikoni anachemka, kwa kibao kingine.

4. Moto. Chemsha kwanza, na tangawizi na thomu, ndipo umpeleke kwenye seredani. Anayemweka mbichi moja kwa moja juu ya makaa hupata ngozi nyeusi na damu kwenye mfupa. Ukiwa na kipimajoto cha nyama, kichome penye paja bila kugusa mfupa, kisome 74 au zaidi. Mimi ninacho, na wanaonicheka waendelee kucheka.

5. Kupaka. Tui lichemke peke yake mpaka liwe zito. Sahani iliyobeba kuku mbichi isirudi.

6. Tumbo likishika hata hivyo. Wengi hupona ndani ya wiki bila antibiotiki, kwa hiyo usikimbilie duka la dawa ukameza chochote. Kunywa maji ya chumvichumvi ya pakiti. Yakikosekana, lita moja ya maji safi, sukari vijiko vya chai 6, chumvi nusu kijiko. Damu chooni, homa kali, mtoto mchanga, mjamzito au mzee: hospitali. Miguu ikianza kulegea wiki kadhaa baadaye, nenda siku hiyohiyo, maana mara chache kampilobakta huacha nyuma yake ugonjwa wa mishipa ya fahamu uitwao Guillain-Barré.

Wakwe walikula, wakaongeza. Jumamosi asubuhi binti akapiga simu kunishukuru. Nikamwambia asinishukuru mpaka Jumatano.