Lua ndani ya programu ya C++: linka inapogoma

Ukipachika Lua, lugha ndogo ya kuandikia skripti, ndani ya programu ya C++, kompaila ikapitisha faili zote lakini linka (programu inayounganisha faili hizo na maktaba) ikagoma kwa madai kwamba haioni lua_pcallk, kitendakazi cha Lua, soma ujumbe wenyewe kwa makini kabla ya kugusa mipangilio. Ikiwa jina hilo limefuatwa na mabano yenye aina za vigezo, kama lua_State*, tatizo ni kwamba C++ imelibadilisha jina ambalo maktaba, iliyokompailiwa kwa C, inalo likiwa tupu; tumia faili ya kichwa lua.hpp badala ya lua.h, na shauri litakwisha. Jina likiwa peke yake, basi maktaba haikuunganishwa, au imetajwa kabla ya faili zinazoihitaji.

Linux ina vituko vyake. Programu iliyojengeka vizuri kwenye mashine mpya inaweza kukwama ikijengwa kwenye seva ya zamani kwa kukosa dlopen, kitendakazi cha kupakia maktaba programu ikiwa inaendelea, kwa sababu tangu toleo la 2.34 la glibc, maktaba ya msingi ya C kwenye Linux, la mwaka 2021, kitendakazi hicho kimo ndani ya libc, ilhali kabla ya hapo ni lazima kuongeza -ldl kwenye amri ya kuunganisha. Iongeze tu kwenye mashine zote mbili, haidhuru. Aidha, ikiwa msimbo wa Lua umo ndani ya programu yako yenyewe, weka -Wl,-E, inayoyafanya majina yaliyo ndani ya programu yaonekane kwa moduli, la sivyo moduli za C zitakataa kupakiwa na require ya Lua hata kama ujenzi ulikamilika bila kosa.

Kwenye Windows njia hiyo ya -Wl,-E haifai: jenga Lua kuwa DLL (maktaba inayopakiwa programu inapoendeshwa) kwa kutumia makro LUA_BUILD_AS_DLL, kisha programu na moduli zote ziunganishwe na DLL hiyo hiyo moja.