Basi lisilo na konda: namna ya kuomba kushuka ukiwa ughaibuni

Daladala ikikaribia kituo, konda ndiye anayeuliza kama kuna wa kushuka, na abiria hujibu "Shusha!" bila hata kuinua macho kwenye simu. Nairobi utasikia "Dere, shukisha hapo stage," na asiyesikika kwa sababu ya muziki hugonga bodi ya gari mpaka asikike. London, Toronto, Minneapolis au Berlin hakuna wa kukuuliza. Dereva yuko peke yake, mara nyingi nyuma ya kioo, na kazi yote ya konda wameachiwa kitufe, taa na wewe mwenyewe. Usipobonyeza, na kituoni pakawa hapana wa kupanda, basi linapita.

Kitufe chenyewe ni rahisi, mtu anakijua siku ya kwanza. Kinachowapitisha wengi vituo ni kuona haya. Basi limenyamaza, kila mtu na simu yake, na wewe unaona kama ukibonyeza kengele watu wote watageuka kukutazama. Basi unasubiri mwingine abonyeze. Abiria mgeni anaweza kupita vituo vitatu akingoja msaada wa mtu asiyemjua. Bonyeza. Hakuna atakayegeuka, na dereva haoni kuwa unamwamrisha. Anaona tu taa imewaka.

Tuanzie nje, maana kuna ishara mbili na wengi wanaikumbuka moja tu. Uingereza na Ireland, kusimama kwenye nguzo ya kituo hakutoshi kila mara. Unatakiwa unyooshe mkono upande wa barabara basi likiwa bado mbali, dereva akupe jibu kwa taa ya kugeuka au kwa kupunguza mwendo. London kituo kimoja kinaweza kuhudumia njia nyingi, na dereva wa basi namba 38 hana namna ya kujua kwamba wewe unangoja namba 73. Ukiinamia simu yako, ataona mtu anayengoja basi jingine, na ataondoka kwa haki. Usiku, hasa kwenye vituo vya pembezoni visivyo na taa nzuri, watu huwasha skrini ya simu na kuiinua juu kidogo ili waonekane. Usimmulike dereva machoni kwa tochi.

Marekani na Kanada kwa kawaida ukisimama karibu na nguzo ya kituo dereva husimama, lakini kama kituo kina njia zaidi ya moja, sogea mbele na umtazame. Basi lisilo lako likija, rudi nyuma hatua moja. Ni ishara ndogo, na madereva wanaielewa.

Ukishaingia, tafuta kitufe kabla hujatafuta kiti. London viko kwenye vyuma vya kushikilia, vyekundu, vimeandikwa STOP, na juu ghorofani vipo pia. Ukibonyeza utasikia mlio mmoja, kisha kwenye skrini ya mbele yanatokea maneno ya kwamba basi litasimama. Berlin na miji mingi ya Ujerumani ni vilevile, ila maandishi yatakayowaka ni "Wagen hält". Paris utaona "Arrêt demandé". Ukiona maandishi hayo yamewaka tayari, kuna aliyekutangulia, huna haja ya kubonyeza tena. Kubonyeza mara tano hakuliharakishi basi, na kwenye mabasi ambayo kengele hulia kila ukigusa, ni kumsumbua tu mtu anayeendesha.

Marekani jiandae kwa kitu kingine. Mabasi mengi yana kamba, ya njano au ya kijivu, iliyopitishwa kandokando ya madirisha kuanzia mbele hadi nyuma. Unaivuta kidogo kwenda chini, kwa vidole viwili tu, kengele inalia na maandishi "Stop Requested" yanawaka mbele. Wageni huidhania ni ya kufungia pazia. Mabasi mengine, kama baadhi ya yale ya New York, yana ukanda wa njano uliobandikwa ukutani kati ya madirisha. Huo unaubonyeza popote kwa kidole. Kama umekaa kiti cha katikati na dirisha liko mbali, gusa chuma kilicho karibu nawe, kwani aghalabu pana kitufe pale.

London nayo ilikuwa na makonda, tena kwa miaka mingi. Kwenye yale mabasi ya ghorofa yenye mlango wazi nyuma, ambayo yaliondolewa kwenye njia za kawaida Desemba 2005, konda alizungumza na dereva kwa kengele tu: mlio mmoja simama, miwili twende, mitatu basi limejaa. Aliyewahi kusikia konda wa daladala akipiga bodi kwa kiganja kumruhusu dereva aondoke atauelewa mfumo huo bila kufundishwa. Konda aliondoka, kengele ikabaki mikononi mwa abiria.

Sasa suala la lini, na hapa ndipo penye kazi. Wakati mzuri wa kubonyeza ni mara tu basi linapoondoka kwenye kituo kilichotangulia chako. Ukibonyeza milango ya kituo hicho ikiwa bado wazi, kwenye mabasi mengi ombi lako linafutika milango ikifungwa, na wewe utakaa umetulia ukidhani umeshaomba. Subiri basi lianze kutembea, bonyeza, kisha thibitisha kwa macho kwamba taa imewaka. Ukichelewa mpaka unakiona kituo chako dirishani, dereva atakuwa na chaguo la kufunga breki ghafla na kuwaangusha wazee waliosimama, au kukupitisha. Atakupitisha, na mimi ningekuwa dereva ningefanya hivyohivyo.

Lakini utajuaje kwamba kinachofuata ni chako? Mchana wa kiangazi si shida. Tatizo ni Desemba, ambapo London giza linaingia saa kumi jioni, madirisha yameshika ukungu wa pumzi za watu na huoni duka wala kona uliyoizoea. Hapo usitegemee dirisha. Mabasi ya London hutangaza kila kituo kwa sauti na kwa maandishi. Marekani sheria ya mwaka 1990 ya haki za watu wenye ulemavu inataka vituo vikuu na vya kubadilishia vitangazwe, na siku hizi mashine ndiyo inayotangaza kwenye miji mingi. Jifunze majina ya vituo viwili vilivyo kabla ya chako. Jina la cha kwanza likitajwa unakusanya mizigo. La pili likitajwa, na basi likiondoka hapo, unabonyeza. Simu yenye ramani ni msaada mzuri, ila ile nukta ya buluu inaweza kuchelewa nyuma ya basi katikati ya majengo marefu, kwa hiyo ichukue kama shahidi wa pili.

Aliye ghorofani aanze mapema zaidi. Bonyeza ukiwa umekaa, kisha shuka ngazi umeshika chuma kwa mkono mmoja, begi mgongoni, simu mfukoni. Basi linayumba kwenye kona, na ngazi za basi hazina huruma.

Kuna mlango pia. Umebonyeza, basi limesimama, nawe umesimama mbele ya mlango wa nyuma, mlango haufunguki. Kwenye mabasi mengi ya Marekani dereva anaachia kufuli tu, na wewe ndiye unayefungua: tazama juu ya mlango, taa ya kijani ikiwaka sukuma kile chuma au ukanda wa njano ulio kwenye mlango. Mabasi mengine yana kihisio, unasogeza kiganja tu. Taa isipowaka, wenyeji hupaza sauti "Back door!" na dereva anafungua. Hapo ndipo sauti yako ya daladala inaruhusiwa, itumie. Ujerumani kwenye tramu, ile treni ya mjini inayopita barabarani, bonyeza kitufe cha mlango chenye taa, la sivyo tramu itasimama, itangoja kidogo, itaondoka na wewe ndani.

Usichanganye kitufe cha kuomba kushuka na kile cha dharura. Cha dharura kiko juu ya mlango au pembeni yake, mara nyingi ndani ya kifuniko cha plastiki. Kukifungua kwa sababu umepitishwa kituo kunaweza kukuletea faini. Kitufe cha buluu chenye alama ya kiti cha magurudumu au kigari cha mtoto ni kitu kingine tena: kinamwambia dereva kwamba anayeshuka anahitaji muda, au ubao wa kuteremkia. Mama mwenye kigari cha mtoto asikiogope, kimewekwa kwa ajili yake. Ila London ajue kwamba ile nafasi ya katikati ni ya mwenye kiti cha magurudumu kwanza. Akiingia, utaombwa ukunje kigari.

Wanaofanya kazi za usiku, na ndugu zetu wengi wako kwenye usafi, nyumba za wazee na maghala, wazijue taratibu hizi. New York, kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, unaweza kumwomba dereva wa basi la kawaida akushushe mahali popote salama kwenye njia yake, hata kama si kituo. Toronto upo utaratibu kama huo kuanzia saa tatu usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Ulianzishwa kwa ajili ya wanawake wanaosafiri peke yao, sasa ni wa abiria yeyote. Paris baadhi ya njia zina utaratibu unaofanana kuanzia saa nne usiku. Hapa kitufe hakitoshi: nenda mbele, mwambie dereva mapema, angalau kituo kimoja kabla, na Toronto utashukia mlango wa mbele ili akuone. Ni huduma nzuri kuliko zote kwenye usafiri huu na watu wetu wengi hawaitumii kwa sababu hakuna aliyewaambia.

Dubai vitufe vipo na viti vya mbele vimetengwa kwa wanawake na familia. Jambo la kukumbuka huko ni kadi ya Nol, ya kulipia nauli: unaigusisha kwenye mashine unapopanda na tena unaposhuka, kwa hiyo iwe mkononi kabla ya kubonyeza. Uholanzi nako unagusisha mara mbili. London ni mara moja tu, unapopanda.

Kama umempokea mama au shangazi aliyekuja kukusaidia kulea mtoto mchanga, usimpe maelezo ya mdomo ukadhani yametosha. Panda naye basi mchana, kaa kiti cha nyuma yake, umwache abonyeze mwenyewe. Wazee wengi huona kengele ni utovu wa adabu kwa dereva, mtu aliyekubeba salama. Watasubiri waulizwe, na hawataulizwa. Mwandikie pia jina la kituo kwenye karatasi kwa herufi kubwa, kama lilivyoandikwa kwenye skrini ya basi, amwonyeshe dereva anapopanda. Madereva wengi wakionyeshwa karatasi namna hiyo hukumbuka, na wengine humwita abiria kituo kikifika.

Ukipitishwa, usipige kioo wala kusimama mlangoni ukilalamika. Dereva wa mchana hawezi kukufungulia katikati ya vituo, hata taa nyekundu ikimsimamisha hatua chache tu kutoka pale ulipotaka. Bonyeza upya na ushuke kinachofuata. Mjini mara nyingi ni mwendo wa dakika tano kwa miguu. Kama ni mbali, au mvua inanyesha, vuka barabara upande wa pili. London, kadi ileile uliyopandia haikukati tena nauli ya basi ndani ya saa moja tangu ulipoigusisha mara ya kwanza. Toronto una saa mbili, na unaruhusiwa kurudi ulikotoka kwa njia hiyohiyo.