Somo: Kitabu kimegoma kufunguka kwenye programu ya maktaba

Usifute programu. Ukiifuta, vitabu vyote ulivyopakua vinaweza kwenda nayo, na kuvirudisha kwa bando ukiwa Liwale au Tandahimba ni hasara tupu.

1. Anza na saa. Tableti iliyokaa bila chaji inaweza kuwaka na tarehe ya zamani. Kwa tarehe hiyo, cheti cha usalama cha seva (kompyuta ya maktaba inayotoa vitabu) huonekana hakijaanza kutumika, programu inakataa kuunganishwa, lawama anabebeshwa mtu wa mtandao. Ingia Mipangilio, Tarehe na saa, washa kiotomatiki, saa za eneo GMT+3. Saa ikitangulia, hata kitabu cha kuazima huweza kujifunga kabla ya siku yake.

2. Angalia nafasi. Acha walau GB 1 tupu. PDF ya kurasa zilizoskaniwa inaweza kupita MB 100.

3. Chunguza upakuaji uliokatika. Hapa ndipo penye kesi nyingi. EPUB, aina ya faili la kitabu cha kidijitali, ni faili la zip (mafaili mengi yaliyofungwa pamoja), na orodha ya vilivyomo hukaa mwishoni mwa faili. Umeme ukikatika ruta ikazima kwenye asilimia 98, orodha haijafika, basi kitabu kizima hakifunguki. Futa kitabu hicho tu, zima Kiokoa betri na Kiokoa data, pakua upya huku skrini ikiwaka.

4. Bado? Mipangilio, Programu, Hifadhi, bonyeza "Futa akiba" (mafaili ya muda tu). Kitufe cha jirani, "Futa data", usikiguse: hicho kinafagia kila kitu.

MASWALI

Masasi: Shikamoo mwalimu. Kitabu kinafunguka lakini kurasa ni nyeupe tupu.
Jibu: Marahaba. Programu nyingi huchora kurasa kwa Android System WebView, sehemu ya Android inayoonyesha kurasa ndani ya programu. Isasishe kupitia Play Store, kisha zima tableti na uwashe.

Newala: Kadi ya GB 32 ina nafasi, ila faili la Kiwix (programu ya kusoma Wikipedia bila mtandao) la GB 6 linakataa kuingia.
Jibu: Kadi imefomatiwa FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga mafaili, haipokei faili moja linalofika GB 4. Hamisha vilivyomo kwanza, ndipo uifomati exFAT. Hakikisha tableti yako inaisoma exFAT, za zamani nyingine haziisomi.

Nachingwea: Tableti 30 kwa ruta moja, zote zimeganda.
Jibu: Kitabu cha MB 40 mara 30 ni MB 1,200. Pakueni tano tano. Kama mnatumia Kolibri (programu ya masomo yasiyohitaji intaneti), pakua kwenye kifaa kimoja, vingine vichukue humo kwa Wi-Fi ya ndani, bando halitumiki.