Kompyuta ya kwenye boti: anza na betri, dukani baadaye

Wateja wangu wengi hupiga simu wakiwa tayari Moi Avenue, dukani, wanauliza wachukue yenye prosesa ya i5 au i7. Kwa boti hilo ni swali la mwisho. Programu ya ramani kama OpenCPN, ambayo ni ya bure, haitaki mashine ya kifahari. Vinavyoua kompyuta baharini ni umeme mbovu, chumvi na misukosuko.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya umeme.
Laptopu inayokula wati 40, ikiwashwa saa 10, imekula wati-saa 400. Gawa kwa volti 12 za betri yako, unapata kama Ah 33 (ampea-saa, kipimo cha umeme ambao betri inaweza kutoa). Betri ya asidi ya Ah 100 haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo unazo 50 tu, na bado hujawasha taa, redio wala pampu ya ngama (maji yanayojikusanya chini ya boti). Ukipitia inveta unapoteza zaidi: unapandisha umeme hadi volti 240, halafu chaja inaushusha tena hadi 20. Mzunguko wote huo wa nini?

Tafuta laptopu inayochajiwa kwa USB-C, kisha fundi akufungie chaja ya kutoka volti 12 moja kwa moja, yenye fyuzi karibu na betri. Ukipendelea kompyuta ndogo iliyoandikwa 12V, usiiunge kwenye betri hivi hivi, maana injini ikinguruma volti hupita 14. Weka kidhibiti volti katikati.

Hatua ya 2: SSD (diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani) peke yake.
Diski ya kuzunguka haivumilii mawimbi ya kusi. Laptopu nzuri ya ex-UK (mtumba kutoka Uingereza) ikija na diski ya zamani, ibadilishe kabla hujaondoka mjini.

Hatua ya 3: Kijaribu kioo juani.
Mwombe muuzaji akuruhusu utoke nayo mlangoni saa sita mchana, mwanga wa kioo ukiwa juu kabisa. Laptopu ya kawaida ina niti (kipimo cha mwangaza wa kioo) 250 hadi 300. Juani unaona uso wako tu. Za kusomeka juani huanzia kama niti 800, na bei yake inauma. Kama una miwani ya jua ya polaroidi, ivae, kisha geuza kioo wima na ulalo: vingine huwa vyeusi tii upande mmoja. Kwa maoni yangu, bora kompyuta ikae chumbani na nahodha awe na tableti isiyopitisha maji usukanini.

Hatua ya 4: Epuka feni ukiweza.
Feni huvuta hewa ya bahari ndani. Chumvi ikitua kwenye bodi hunyonya unyevu na kuanza kula shaba. Lakini usiifungie kompyuta kwenye sanduku lisilo na tundu, kwa joto letu hili itachemka.

Hatua ya 5: Ijaribu mahali pake.
Iwashe, uitazame dira. Sindano ya dira ikisogea, hamisha kompyuta. Washa redio ya VHF pia: chaja za bei rahisi hutoa kelele inayomeza sauti za mbali na hata AIS (mawimbi ambayo meli hutangazia mahali zilipo), na kwenye mlango wa Kilindini unataka kuona meli mapema.

Laptopu nyingi hazina GPS, kwa hiyo nunua ya USB. Pakua ramani zote ukiwa bado na mtandao, nakili diski nzima kwenye SSD ya pili, uifunge kwenye mfuko mkavu pamoja na ramani ya karatasi.