Somo: Filta ya polaraiza, kuanzia dukani hadi mbele ya maji na anga

Habari za leo ndugu wapiga picha. Wengi mmeniuliza kuhusu filta ya polaraiza, ile inayozunguka, iliyoandikwa CPL pembeni. Wengine wameshainunua, wakaifunga kwenye lenzi, wakapiga picha kumi na kuona hakuna kilichobadilika ila giza, basi ikarudi kwenye mkoba. Kazi yake ni kupunguza mng'ao na kukoleza buluu ya anga, naipenda sana na inaniuma kuiona imelala. Mara nyingi haina kasoro yoyote. Mpigaji tu amesimama mahali ambapo haiwezi kumsaidia.

Kwanza tuelewane inafanya nini. Mwanga wa jua hutikisika pande zote. Ukigonga maji, kioo au jani kwa mshazari, ule unaorudi hutikisika zaidi upande mmoja, yaani umelala sambamba na uso uliogongwa. Filta ni kama tundu la sanduku la barua: bahasha ikilazwa inapita, ikisimamishwa inakwama. Ukiizungusha, unachagua mwanga upi upite. Mfaransa Étienne-Louis Malus aliliona jambo hili mwaka 1808 jijini Paris, akitazama kupitia fuwele ya kalsaiti mwanga wa jua uliokuwa ukirudishwa na madirisha ya kasri la Luxembourg. Kioo cha dirisha tu! Jaribu na wewe kwenye dirisha la jirani, utaona alichokiona.

Hatua ya 1: Kununua

Angalia mbele ya lenzi yako au nyuma ya kifuniko chake. Kuna alama ya duara iliyokatwa na mstari, kisha namba: 52, 58, 67, 77 na kadhalika. Hizo ni milimita za mdomo wa lenzi. Kama una lenzi tatu zenye midomo tofauti, usinunue filta tatu. Nunua moja ya mdomo mkubwa kuliko yote, halafu uchukue pete za kuunganishia kwa zile ndogo. Pete ni bei ndogo, na fedha inayobaki iweke kwenye ubora wa kioo.

Kuna aina mbili, ya mstari na ya duara. Hapa duara si umbo, kwani zote ni za mviringo. Ile ya duara ina tabaka la ziada kwa nyuma linalouvuruga mwanga tena kabla haujaingia kwenye kamera. Kamera za DSLR, zile zenye kioo cha kuakisi ndani, zinalihitaji tabaka hilo kwa sababu kioo hicho hugawa mwanga wa kupimia na wa kufokasi, na bila tabaka hilo vipimo vinaweza kupotoka. Kwa kamera zisizo na kioo hicho tatizo hilo kwa kawaida halipo, lakini madukani nyingi ni CPL, yaani za duara, kwa hiyo chukua hiyo na usijisumbue.

Jinsi ya kuikagua hapo hapo dukani: omba kikokotoo cha muuzaji au kompyuta yake ya mapajani. Tazama skrini kupitia filta, upande wa uzi, yaani ule unaofungwa kwenye lenzi, ukiwa kwenye jicho lako, kisha uizungushe polepole. Skrini lazima ifike mahali ifunikwe na giza, kisha irudi. Sasa igeuze, upande wa uzi utazame skrini, na uizungushe tena. Kama ni CPL ya kweli giza halitakuja, utaona rangi ikibadilika kidogo tu. Miaka ya nyuma niliuziwa kioo cheusi cha kawaida kikiwa ndani ya boksi zuri lenye maandishi ya CPL, na niligundua nikiwa nimeshafika ufukweni na mteja. Tangu siku ile sinunui bila kikokotoo.

Hatua ya 2: Kuifunga

Ikaze kwa vidole viwili, basi. Unapopiga, pete ya mbele izungushe daima kuelekea upande ule ule wa kukazia. Ukiizungusha upande wa kufungulia unaifungua taratibu bila kujua. Yangu moja iko chini ya maji Nungwi kwa sababu hiyo.

Lenzi za zamani nyingine huzungusha mdomo wake zinapofokasi. Kwa hizo, fokasi kwanza, ndipo uzungushe filta.

Hatua ya 3: Kujipanga na jua

Hapa ndipo penye somo lenyewe, tusikimbie.

Anga hukolea zaidi katika ukanda ulio nyuzi 90 kutoka kwenye jua. Nyosha kidole cha shahada kielekee kwenye jua na kidole gumba kikae wima, kama unapima pembe mraba. Sasa zungusha kiganja huku shahada ikibaki kwenye jua. Kila mahali gumba linapoelekea ndiko filta ina nguvu. Ukilipa jua mgongo au ukilitazama, utazungusha filta mpaka vidole vichoke na anga haitabadilika.

Mafunzo mengi yaliyoko mtandaoni yameandikwa na watu wa nchi ambazo jua halifiki utosini hata siku moja. Sisi tulio karibu na ikweta tuna hali yetu. Saa moja na nusu asubuhi jua liko mashariki na chini, hivyo ule ukanda unatoka kaskazini, unapita juu ya kichwa, unashuka kusini. Piga ukielekea kaskazini au kusini. Ndiyo maana Kilimanjaro inakubali sana filta hii: ukiwa Amboseli mlima uko kusini kwako, ukiwa Moshi uko kaskazini, na kote kuwili jua la asubuhi au la jioni linakuja kutoka ubavuni. Asubuhi ndipo mlima huwa wazi pia, kabla mawingu hayajaufunika.

Saa sita mchana mambo yanageuka. Dar es Salaam, mwanzoni mwa Machi na katikati ya Oktoba, jua hukaa karibu wima kabisa juu ya kichwa. Siku hizo ukanda wa nyuzi 90 unalala kwenye upeo wa macho na kuuzunguka wote. Unaweza kuelekea popote na anga ya chini ikakolea, isipokuwa pale unyevu na vumbi vya upeoni vitakapoififisha, na Pwani hilo ni la kawaida.

Kuna jambo lingine ambalo nililijua baada ya kuharibu picha nyingi za ngalawa. Asubuhi ukielekea kaskazini, mkao wa filta unaokoleza anga ni ule ule unaoruhusu mng'ao wa maji upite. Ukiua mng'ao, anga inapauka. Lazima uchague. Saa sita, jua likiwa utosini, mkao mmoja unafanya yote mawili: anga inakolea, na mchanga na matumbawe chini ya maji vinaonekana. Mwanga wa saa sita tunausema vibaya kila siku, lakini kwa bahari yetu ya kijani mimi huusubiri.

Hatua ya 4: Kujipanga na maji, kioo na majani

Kwa maji tazama kwa mshazari wa nyuzi kama 37 kutoka usoni pa maji. Kwa kioo ni kama 34. Huna haja ya kupima. Inama au sogea huku ukizungusha, hadi mng'ao uyeyuke. Ukitazama maji kutoka juu kabisa, wima kama mtu aliyeinamia kisima, filta haisaidii.

Majani ya mwembe, ya mgomba na ya kahawa yana mng'ao mweupe unaomeza kijani. Baada ya mvua ndiyo usiseme. Hapo filta hurudisha rangi hata kama hakuna jua, na watu wengi hawalijui hilo: wanaifungua kukiwa na mawingu, wakati maporomoko kama ya Materuni, yenye mawe yaliyolowa na ukoka unaometa, yanaihitaji zaidi siku hiyo kuliko siku nyingine yoyote.

Bati na chuma kitupu havitii. Mng'ao wa metali hauko hivyo. Rangi ya gari au pikipiki inatii kiasi, kwa sababu ni rangi na si chuma.

Hatua ya 5: Vipimo vya kamera

Filta inakula mwanga stopu 1 hadi 2, yaani unabaki nusu hadi robo yake. Kama ulikuwa na kasi ya 1/250 ya sekunde, unaweza kujikuta kwenye 1/60. Kwa maporomoko ni faida, kwa mtoto anayekimbia ni hasara, pandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga. Na ukigeuza kamera kutoka kulala kuwa wima, filta imegeuka nayo. Zungusha upya.

Kwa lenzi pana, chini ya milimita 24 kwenye kamera ya fremu kamili, kuwa mwangalifu na anga tupu. Ukanda hautoshi kujaza picha, kwa hiyo utapata doa la buluu nzito katikati na kingo zilizopauka. Na kwenye milima mirefu anga yenyewe ni nzito tayari. Ukizungusha hadi mwisho inakaribia kuwa nyeusi. Rudisha nusu.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu shikamoo. Mimi natumia simu tu. Nifanyeje?*

Marahaba. Tafuta miwani ya jua ya polaraiza, uikague kwa kikokotoo (ukiizungusha, skrini lazima ifunikwe na giza), kisha shika kioo kimoja mbele ya lenzi ya simu, karibu kabisa, ukizungushe. Rangi ya miwani itaingia kwenye picha, utairekebisha baadaye. Inafanya kazi vizuri kuliko watu wanavyodhani.

*Nauza michoro ya Tingatinga mtandaoni. Rangi yake inang'aa mno, kila picha ina doa jeupe. Filta itanitosha?*

Peke yake itapunguza, hasa ukipiga kwa mshazari, lakini mchoro utapinda. Ili uzime mng'ao wote ukiwa umeukabili mchoro, unahitaji karatasi ya polaraiza mbele ya taa pia. Weka taa mbili pembeni, kila moja na karatasi yake, zote zikielekezwa mkao mmoja, funga madirisha, kisha zungusha filta ya lenzi hadi doa lipotee. Utashangaa rangi zitakavyotoka.

*Je, inafaa kwa picha za maharusi?*

Kwa mandhari nyuma yao, ndiyo. Kwa ngozi, taratibu. Ngozi yetu nyeusi inapendeza kwa ule mng'ao wa shavuni na kwenye paji la uso, ndio unaoonyesha umbo la sura. Ukiua wote, bibi harusi anaonekana bapa. Mimi nazungusha huku nikitazama uso wake, nasahau anga, na nasimama pale jasho linapopungua lakini shavu bado lina uhai.

*Mkuu, yangu imenasa kwenye lenzi wiki ya pili sasa.*

Usiibane kwa nguvu, ukiikandamiza pembeni inapinda na kujifunga zaidi. Chukua kandambili safi, laza mdomo wa lenzi kwenye soli bapa, kandamiza kidogo kwa usawa, kisha zungusha lenzi. Kama haikutii, viringisha mpira wa kufungia noti kuzunguka ile pete ya nyuma ya filta, siyo ya mbele inayojizungukia bure, na ujaribu tena.

*Nilipiga Kilimanjaro kutoka dirishani mwa ndege, picha ina rangi za upinde wa mvua. Filta ni mbovu?*

Ni nzima kabisa. Dirisha la ndege ni plastiki, na filta inaonyesha mikazo iliyomo ndani yake. Vioo vya magari vinaweza kufanya hivyo pia. Ukiwa ndani ya ndege ifungue, uiweke mfukoni hadi utue.