Somo: Pikipiki ipi ibaki, ipi iuzwe na ipi inunuliwe kwa sisi tunaoishi Malindi

Ndugu wanachama, hadi mwezi uliopita nilikuwa na pikipiki tatu uani: Boxer BM 150 niliyofanyia kazi ya abiria kwa miaka sita, TVS HLX 125 ninayokwenda nayo kazini, na Yamaha DT 125 kuukuu aliyoniachia marehemu baba. Sikuweza kuzihudumia zote inavyostahili, na chombo kisichohudumiwa huwa hatari kwa anayekipanda, basi nikaamua kupunguza kwa utaratibu huu ninaouandika hapa.

Hatua ya kwanza ni daftari. Jaza tenki hadi juu, andika kilomita zinazosomeka kwenye mita, na kila ujazapo tena andika lita ulizotia na kilomita mpya, ukiendelea hivyo kwa siku 30. Pesa za fundi na za spea zipe ukurasa wake, kwani zikichanganywa na za petroli hutajua ni kipi kinachokula mfuko. Boxer yangu ilikwenda kilomita 1,350 kwa lita 30, yaani kilomita 45 kwa lita, na kwa hesabu hiyo peke yake ningeibakisha.

Hatua ya pili ndiyo yenye uzito, nami naomba isomwe kwa makini. Kagua fremu kabla ya injini. Wengi wetu tukitaka kununua au kuuza huwasha, tukasikiliza mlio, tukaridhika. Lakini injini iliyochoka hufunguliwa, ikatiwa pistoni na ringi mpya, ikarudi barabarani, ilhali fremu iliyoliwa na chumvi haina dawa ya kudumu. Upepo wa kusi hutuletea rasharasha za bahari hadi majumbani, na chumvi ile huvuta unyevu ikakaa mahali pasipoonekana. Ng'oa kiti, chukua bisibisi, ugonge polepole chini ya tenki, kwenye maungio ya kulehemu, na pale mkono unaoshika gurudumu la nyuma unapofungwa. Chuma kizima hulia; chuma kilichooza hutoa sauti butu. Nilipogonga Boxer yangu chini ya kiti, rangi ilibanduka kipande kizima kama gamba la samaki, na unga mwekundu ukanijaa kiganjani. Abiria wangapi nimewabeba juu ya chuma kile! Kupiga rangi juu ya kutu ya namna hiyo ni kumficha mnunuzi jambo linaloweza kumwua.

Hatua ya tatu ni kuitazama njia yako ya kila siku. Anayekwenda Watamu na kurudi hukaa kwenye lami, na injini ya cc 125 yamtosha. Anayepanda Marafa na mzigo wa mahindi hukutana na mchanga na makorongo, naye anahitaji nguvu ya cc 150, matairi yenye meno na shokamzoba zisizovuja. Hesabu pia upatikanaji wa spea: za Boxer na TVS zipo madukani mjini, lakini za DT huenda ukazisubiri kutoka Mombasa, yapata kilomita 120.

Karatasi ni hatua fupi: linganisha nambari ya fremu na ya injini na zile za kitabu cha umiliki, na usitoe pesa zote kabla umiliki haujahamishwa kwa jina lako katika mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani.

Kwa utaratibu huo nimeibakisha TVS. Boxer nimemwuzia fundi kwa ajili ya spea, baada ya kumwonyesha kutu yote, wala sikuiuza kama chombo cha abiria. Yamaha pia imebaki, kwa kuwa maisha yake mengi iliishi bara, mbali na bahari, na fremu yake bado inalia.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Ganda: Shikamoo mwalimu. Boxer yangu inatoa moshi wa buluu. Niiuze?

Jibu: Marahaba. Moshi wa buluu maana yake oili inaungua, kwa kawaida kwa sababu ya ringi au mpira wa vali. Gonga fremu kwanza. Ikiwa nzima, itengeneze injini, kwani gharama hiyo ni ndogo kuliko kununua nyingine. Kwa DT jambo ni tofauti: injini yake huunguza oili pamoja na petroli, hivyo moshi kidogo ni kawaida yake.

Mwanachama wa Mambrui: Mimi naosha yangu kila jioni, na bado inashika kutu.

Jibu: Ndugu yangu, unaosha kwa maji gani? Kama ni ya kisima cha chumvi, unaipaka kile unachotaka kukiondoa. Tumia maji matamu ya bomba yatokayo Baricho au maji ya mvua, uikaushe, kisha upake oili nyepesi kwenye maungio na mnyororo.

Mwanachama wa Watamu: Nimeonyeshwa 150 iliyotumika, mnyororo mpya kabisa. Je, ni dalili njema?

Jibu: Tazama sproketi, yaani magurudumu yenye meno yanayoshika mnyororo. Meno yakiwa yamechongoka na kuinama kama ndoana, mnyororo umebadilishwa peke yake, nao utaliwa upesi. Mwombe mwenyewe ang'oe kiti mbele yako. Akikataa, rudi na pesa zako nyumbani.