Kupanga hifadhidata ya ushirika wa maziwa

Fungua daftari la ushirika wowote wa maziwa kule Njoro, pale karani anapoandika maziwa ya alfajiri: tarehe, jina la mfugaji, kijiji, simu, kilo. Kesho yake jina lilelile, kijiji kilekile na simu ileile vinaandikwa upya. Ukiliingiza daftari hilo katika kompyuta jinsi lilivyo, siku mfugaji atakapobadilisha simu itakubidi urekebishe mamia ya mistari, na ukiruka mmoja atabaki na simu mbili, asijulikane anapatikana kwa ipi.

Kwa hiyo, kabla ya kutengeneza hifadhidata, yaani majedwali ya kumbukumbu yanayotunzwa katika kompyuta, anza na karatasi, ujiulize daftari linahusu vitu gani. Hapa kuna mfugaji, na kuna maziwa aliyoyaleta. Kila kimoja kipewe jedwali lake, kama alivyoeleza Edgar F. Codd, mtaalamu wa kompyuta wa kampuni ya IBM, mwaka 1970: jina, kijiji na simu viwe kwa wafugaji, tarehe, asubuhi au jioni, na kilo viwe kwa maziwa.

Kisha mpe kila mfugaji nambari ya uanachama isiyorudiwa wala kubadilika, ambayo ndiyo ufunguo msingi, na katika jedwali la maziwa uandike nambari hiyo badala ya jina. Jina halifai kuwa ufunguo, kwani kina Korir wawili katika kijiji kimoja si jambo geni. Simu nayo haifai, kwa sababu laini iliyoachwa huweza kupewa mtu mwingine. Iagize programu ya hifadhidata ikatae maziwa ya nambari isiyo ya mwanachama yeyote. Simu zihifadhiwe kama maandishi, la sivyo sifuri ya mwanzo itapotea.

Bei ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi, kwa maana pesa hizi ndizo karo ya watoto. Ukiweka bei moja na kuibadilisha kila inapopanda, maziwa ya mwezi uliopita yatahesabiwa kwa bei mpya, na mfugaji aliyekwisha kulipwa ataonekana bado anadai. Tengeneza jedwali la tatu, kila mstari ukiwa na bei na tarehe ilipoanza kutumika, ili malipo yafuate bei ya siku maziwa yalipopimwa.

Halafu ingiza kurasa za wiki moja, ujumlishe kilo za mfugaji mmoja kwa kalamu na kwa kompyuta. Hesabu zikitofautiana, tafuta mstari uliokosewa kabla ya kuendelea na ukurasa mwingine.